Daftari Lililokuwa na Safu Moja

Daftari la majeruhi tulilokuwa tukijaza chumba cha dharura lilikuwa na safu ya tarehe, jina, umri, chanzo, jeraha, na mahali mgonjwa alikopelekwa. Safu ya jeraha ilikuwa na upana wa vidole viwili. Neno moja lilienea, mawili kwa kubana. Nilikuwa muuguzi mgeni katika idara ile na safu hiyo niliipenda, maana ilinipunguzia kazi. Mtu kavunjika paja, naandika "paja", nakwenda kwa mwingine.

Ndivyo nilivyomwandika kijana mmoja aliyeletwa usiku, pikipiki yake ilikuwa imegongana na gari. Paja la kulia lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi. Kelele zake zilituvuta sote. Tukamwekea dripu, tukampa dawa ya maumivu, tukaunyoosha mguu na kuufunga. Juu ya jicho alikuwa na mkato mdogo, nikaushona nyuzi tatu. Nikiwa nashona akaniuliza, "Dada, pikipiki yangu iko wapi?" Nikamwambia iko kwa polisi. Dakika chache zikapita, akauliza tena, kwa maneno yaleyale na sauti ileile, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza. Nikamjibu tena. Alipouliza mara ya sita nilimwonea huruma, nikaona ni uchungu wa mali yake.

Miezi miwili baadaye mama yake alinikuta kwenye korido, ameshika karatasi ya ruhusa.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa," aliniambia. "Wameandika paja. Sasa mbona anasahau? Mbona anafokea watu, na alikuwa mpole? Redio ikiwaka anaziba masikio. Ndugu zake wanasema ameingiwa na kiburi tangu alazwe."

Nilisoma karatasi ile mbele na nyuma. Neno "kichwa" halikuwemo.

Mtu anayeuliza swali moja mara sita baada ya ajali ana ubongo uliotikisika. Kwa muda unashindwa kuweka kumbukumbu mpya, kwa hiyo jibu unalompa halikai. Nilifundishwa hilo darasani na nikajibu mtihani wake vizuri. Usiku ule lilikuwa mbele yangu, linazungumza nami, na mimi nikasikia habari za pikipiki. Paja lilikuwa limetujaza macho. Nilikaa na yule mama, nikamweleza kwamba mwanawe hana kiburi, ameumia. Daktari akamwandikia rufaa na barua ya kazini. Mama alilia kidogo, halafu akaniomba nimwandikie kwa maneno rahisi, ili akawasomee wale ndugu.

Kuanzia wiki hiyo nikawa na daftari langu mwenyewe. Nilichora safu za kichwa, uso, shingo, kifua, tumbo na nyonga, mikono na miguu, na ngozi. Kila majeruhi niliyempokea nilimwekea alama kila sehemu aliyoumia, hata kama jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Sikuwa nafanya utafiti. Nilitaka tu kujua ni nini tulikuwa tunakiacha nje ya daftari kubwa.

Baada ya miezi kadhaa kurasa zilisema jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani mikono na miguu ingeongoza kwa mbali, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye daftari kubwa. Safu za kichwa na uso zilishuka ukurasa karibu sawa nayo. Na nilipotenga waliopelekwa kwa wagonjwa mahututi, na wale waliofunikwa shuka, kichwa ndicho kilichotangulia. Hilo limeonekana pia kwa waliohesabu kwa upana kuliko mimi: kati ya watu wanaokufa kwa ajali, jeraha la ubongo ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa. Watafiti waliokusanya takwimu za dunia walikadiria mwaka 2018 kwamba watu wapatao milioni 69 huumia ubongo kila mwaka, kwa ajali za barabarani, kuanguka, kupigwa na michezo. Wengi wao huumia kidogo, kama yule kijana. Na ni hao hasa ambao safu ya vidole viwili haina nafasi yao.

Ukitafakari maumbile huoni ajabu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, na kimekaa juu ya pingili saba ndogo za mifupa ya shingo zinazoshikwa na misuli na kano. Mwili ukisimama ghafla, kichwa bado kinakwenda. Ndani ya fuvu ubongo nao, laini kama ulivyo, unaendelea na safari yake mpaka ugonge mfupa. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa kulinganisha na kiwiliwili chake, ndiyo maana akianguka kichwa hutangulia. Mzee ubongo wake umepungua kidogo, mishipa midogo inayovuka kutoka ubongo hadi kwenye utando imevutika, na kugonga kabati tu kunaweza kuikata. Damu yake huvia polepole, wiki hata mwezi, na watu wa nyumbani wanasema mzee ameanza kuchanganyikiwa kwa umri.

Nilipotafuta jinsi wenzetu wanavyopima majeraha nikakutana na kitu kilichonifanya nilitazame upya lile daftari kubwa. Mwaka 1974 Susan Baker na wenzake walitoa alama ya ukali wa majeraha ambayo hadi leo hospitali nyingi duniani zinaitumia. Mwili hugawanywa sehemu sita. Kila jeraha hupewa daraja, kisha huchukuliwa jeraha kubwa kuliko yote katika kila moja ya sehemu tatu zilizoumia zaidi, madaraja hayo yanazidishwa yenyewe kwa yenyewe na kujumlishwa. Ni kipimo kizuri kwa kazi yake. Lakini ndani yake kichwa na shingo vimewekwa sehemu moja, na kila sehemu hutoa jeraha moja tu. Mtu aliyevunjika fuvu na pingili ya shingo anaingia kwenye hesabu kwa lile lililozidi ukali. La pili halionekani. Siwalaumu waliokitunga, walitaka namba inayotabiri nani yuko hatarini. Ila aliyesimama kando ya kitanda hawezi kufanya kazi kwa namba hiyo. Kwake shingo lazima iwe na mstari wake.

Mwaka huohuo wa 1974, huko Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett walichapisha kipimo cha fahamu ambacho leo kila muuguzi wa dharura anakijua hivi: macho alama nne, maneno tano, mwendo wa viungo sita. Aliye timamu anapata 15, na hata asiyeitika kabisa anapata 3. Alama 8 kushuka chini ni jeraha kali. Kwetu tulikuwa tunakiandika mara moja tu, mgonjwa anapoingia, kama vile jina. Kazi ya kipimo hiki ni kurudiwa.

Hilo alinifundisha fundi aliyeanguka kutoka kwenye ngazi na kugonga upande wa kichwa, juu kidogo ya sikio. Walisema alizimia kwa muda mfupi, kisha akaamka mwenyewe. Alipofika kwetu alikuwa anaongea vizuri, anataka simu ampigie mkewe, anataka kwenda nyumbani. Alama 15. Enzi za safu moja ningemwandika "uvimbe" na kumwacha kwenye benchi. Nilimlaza nikaanza kumpima kila nusu saa. Mara ya kwanza 15. Mara ya pili 15, akalalamika kichwa. Mara ya tatu alifungua macho baada ya kuitwa, akaniita kwa jina ambalo si langu. 13. Nilipomulika tochi, mboni ya upande ule ilikuwa imepanuka kuliko mwenzake. Niliita daktari kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Mfupa wa pale juu ya sikio ni mwembamba, na chini yake unapita mshipa wa ateri. Ukivunjika, mshipa hukatika na damu inajaa kati ya mfupa na utando wa ubongo. Fuvu halipanuki. Mwanzoni mwili hutoa nafasi kwa kusukuma nje maji ya ubongo na damu ya vena, na huo ndio muda mgonjwa anapoongea na kudai simu. Nafasi ikiisha, anazama kwa dakika. Picha ya CT, ile ya kompyuta inayoonyesha ndani ya fuvu, ilionyesha damu, akapelekwa chumba cha upasuaji usiku uleule, na baada ya siku chache alikuwa amekaa kitandani na bendeji kichwani akila mwenyewe. Mkewe alimshukuru daktari wa upasuaji, na alistahili. Mimi nilikuwa nafikiria zile nusu saa tatu.

Si wote waliopata bahati hiyo. Kuna mwanamume aliyeletwa akiwa ananuka pombe, amechubuka kisogoni, ananguruma badala ya kusema. Aliyekabidhi zamu alisema, "Huyo mwacheni, atalala pombe zimtoke." Asubuhi hakuamka. Kilevi hakimzuii mtu kuvuja damu ndani ya fuvu. Mlevi huanguka zaidi na hushindwa kujikinga. Sijawahi tena kukubali harufu iwe jibu. Nikiisikia, ndiyo kwanza naongeza mara za kupima.

Shingo nayo ilinichukua muda zaidi kuielewa, kwa sababu shingo ni kimya. Kichwa kinachanika na kumwaga damu mpaka kila mtu anaogopa. Shingo iliyovunjika inaweza isiwe na hata mchubuko.

Mzee mmoja, mwenye miaka sabini na kitu, aliingia kwa miguu yake, ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa amejikwaa kwenye ngazi za nyumba, akaangukia paji la uso. Mkato ulikuwa wa kushona dakika kumi. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akatania kwamba ngazi zimemshinda ujana. Wakati wa kutia sahihi kalamu ilimponyoka. Akaiokota, ikaponyoka tena. Binti akasema, "Baba amechoka tu." Nikamwuliza mikono inakuwaje. "Inawaka moto, mwanangu. Kama nimeshika pilipili. Tangu nianguke."

Alitembea, kwa hiyo hakuna aliyefikiria uti wa mgongo. Tumezoea kuwaza kwamba aliyeumia shingo hawezi kusimama. Lakini mzee ambaye pingili zake zimeshaota vijino vya mfupa, akiangukia paji la uso kichwa hukunjwa nyuma, na ule ugwe wa neva hubanwa katikati. Hapo njia za neva zinazoendesha mikono huumia zaidi kuliko za miguu, hivyo mikono inadhoofika na miguu inaendelea kubeba. Kwa mtazamaji inafanana na uchovu, au kiharusi, au uzee. Nilimwomba asigeuze kichwa, nikakishika kwa mikono yangu miwili, na nikakaa hivyo nyuma ya kiti chake mpaka wenzangu walipoleta kitanda. Mikono yangu ilitetemeka. Nilikuwa nimekwisha kumwambia ageuke kulia na kushoto nilipokuwa nasafisha kidonda.

Baadaye nilijifunza kanuni ambayo ingeniambia mapema. Mwaka 2000 huko Marekani ulichapishwa utafiti wa majeruhi 34,069 waliopigwa picha ya shingo baada ya kuumia. 818 walikutwa na jeraha la pingili za shingo, yaani kama wawili hadi watatu katika kila mia. Wengi basi shingo zao zilikuwa salama. Swali lilikuwa jinsi ya kuwatambua wachache bila kuwapiga picha wote, na walilijibu kwa mambo matano. Je, anaumia ukimbonyeza katikati ya mfupa wa shingo nyuma? Amelewa? Fahamu zake zimepungua? Ana ganzi au udhaifu wa viungo? Na la tano: ana jeraha jingine lenye maumivu makali kiasi cha kuiteka akili yake? Likiwepo hata moja, shingo haihesabiwi kuwa salama bila picha. Mwaka uliofuata watafiti wa Kanada wakaongeza kanuni yao, na ndani yake mwenye miaka 65 au zaidi anahesabiwa hatarini kwa umri wake peke yake.

Lile jambo la tano lilinikalia kooni siku niliyolisoma. Kwa mgonjwa aliyevunjika paja, huwezi kuamini kauli yake kwamba shingo haimuumi, kwa kuwa maumivu ya paja yanafunika yote. Kanuni inazungumzia akili ya mgonjwa. Mimi najua kwamba jeraha lile lile linaiteka pia akili ya muuguzi, ya daktari, na ya ndugu waliosimama mlangoni.

Naomba niseme neno kuhusu kola ya shingo, kile kifaa kigumu cha kuizuia shingo isicheze, maana baada ya yule mzee nilianza kumvalisha kila mtu, na hilo nalo lilikuwa kosa. Kola iliyobana inaweza kuzuia damu kurudi kutoka kichwani na kuongeza shinikizo kwenye ubongo uliokwisha kuvimba. Ikikaa muda mrefu inachimba vidonda kidevuni na kisogoni. Ni ya muda, mpaka shingo ichunguzwe. Na asiyepumua vizuri anahudumiwa njia ya hewa kwanza, kwa kusukuma taya mbele bila kukunja kichwa nyuma. Ubongo ulioumia hauvumilii kukosa oksijeni wala presha kushuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kwa wenye jeraha kali la kichwa, namba ya juu ya presha kushuka chini ya 90 iliambatana na vifo mara mbili zaidi. Ninapomfundisha mwanafunzi, hapo ndipo ninapokaa muda mrefu: jeraha la kwanza hatukulizuia, la pili liko mikononi mwetu.

Na tuwe tayari kuacha tulichozoea. Kwa miaka mingi madaktari wengi duniani waliwapa majeruhi wa kichwa dawa za steroidi wakiamini zinapunguza uvimbe. Jaribio la watu 10,008, lililochapishwa mwaka 2004, lilikuta kwamba waliopewa walikufa zaidi: asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, dhidi ya 17.9 ya wasiopewa. Watu walikuwa wakitoa dawa ile kwa nia njema kabisa.

Wanaowaleta wagonjwa wengi wao ni watu wema waliowanyanyua kwa mikono na miguu, wakawakunja kiti cha nyuma, wakawavua helmeti kwa kuivuta. Baba mmoja alinishika mkono akaniuliza kama yeye ndiye aliyempooza mwanawe kwa kumbeba. Sikuwa na jibu la uhakika, na sikumpa la uongo. Nilimwambia kwamba barabarani, gari jingine likija, kumwacha mtoto pale lingekuwa kosa kubwa zaidi. Kama hakuna moto wala gari linalokuja, mwacheni alivyo, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine atafute msaada. Helmeti huvuliwa na watu wawili, mmoja ameshika shingo kwa chini.

Helmeti zenyewe zina historia inayonigusa. Mei 1935 T. E. Lawrence, askari na mwandishi maarufu wa Kiingereza, alianguka na pikipiki huko Uingereza akafa baada ya siku sita kwa jeraha la ubongo. Kati ya madaktari walioitwa alikuwemo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Hakuweza kumwokoa. Miaka iliyofuata alikusanya kumbukumbu za waendesha pikipiki waliokufa na waliopona, na mwaka 1941 akachapisha maandishi yaliyoonyesha kofia ngumu inavyokinga. Sheria ya kuivaa Uingereza ilikuja mwaka 1973, yeye akiwa ameshafariki. Leo tathmini ya tafiti nyingi inasema helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Namuelewa Cairns. Mtu mmoja anakufa mikononi mwako, unaanza kuhesabu.

Katika daftari langu niliongeza safu ya helmeti, kisha nikalazimika kuigawa: alivaa na kufunga mkanda, alivaa bila kufunga. Hao wa pili helmeti zao hufika zikiwa zimebebwa na ndugu, nzima, bila mkwaruzo.

Siku moja mkuu wa idara alilikuta daftari lile mezani. Nilitegemea ataniuliza kwa nini naandika habari za wagonjwa pembeni, ingawa sikuandika majina. Alilipekua akiwa amesimama, akavuta kiti, akaendelea kupekua. Daftari kubwa lililofuata lilikuja likiwa na mwili mzima umechorwa kwenye kila mstari, na muuguzi anaweka alama kila palipoumia. Linachukua dakika mbili zaidi kwa mgonjwa. Wenzangu walinung'unika mwezi wa kwanza.

Yule mzee alifanyiwa upasuaji wa shingo, kisha akaanza mazoezi ya mikono ambayo yalikwenda miezi. Alipokuja kliniki nilitoka kumwona. Binti yake alitaka kumsaidia kufunga shati baada ya kupimwa, akamzuia. Tulisimama pale sote watatu. Kifungo cha kwanza kilimchukua muda mrefu, cha pili kidogo zaidi. Alipofika cha nne kidole gumba kilikataa, akapumzika, akakitazama, akaanza upya. "Usinihesabie, mwanangu," alisema bila kuinua macho. Nikageukia dirishani nikamwacha amalize.